Delbert Kowalke na Mashine ya Kiti cha Arlys

Baada ya kulisambaza gazeti letu, Herald ya Alder Creek, kwa miaka thelathini na minane, Bwana Delbert Kowalke alistaafu tarehe 30 Aprili. Kuanzia Mei gazeti linapelekwa kwa posta, kwa hiyo kazi yenyewe nayo inaondoka pamoja naye.

Alianza na gari la kijani aina ya Buick, pamoja na mkewe, Arlys. Delbert aliendesha na kurusha magazeti kwenye nyumba za kushoto. Arlys, blanketi magotini, aliyakunja, akayafunga kwa mpira na kurusha upande wa kulia. Alipenda kumchokoza mumewe kwamba mwenye shabaha ni yeye, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Sisi wa chumba cha kufungasha magazeti tuliwasikia wakibishana walipokuja kupakia, kabla hata kahawa haijachemka.

Mwaka mmoja, majira ya theluji, Arlys alifariki. Ikambidi Delbert apite kila mtaa mara mbili, kwenda na kurudi, ili afikie nyumba za pande zote. Magazeti yakachelewa, na simu za wasomaji zikatuchosha masikio. Ofisi ikampa muda hadi Pasaka. Asipojirekebisha, mitaa yake apewe mwingine. Mizunguko ile ndiyo maisha aliyoishi na Arlys, na hakuwa na mengine. Tulimwonea huruma sana.

Buick nayo ikamfia. Delbert akang'oa mota ya feni ya hita, ile iliyokuwa ikimpasha Arlys miguu joto. Kwa mkanda wa mashine mbovu ya kufulia akaiunganisha na magurudumu mawili ya mashine ya kukatia nyasi, kisha akaufunga mtambo huo kwenye kiti cha abiria cha gari lake jipya, nalo kuukuu vilevile. Gazeti likisukumwa katikati ya magurudumu yanayozunguka, linafyatuka nje kupitia dirisha la kulia.

Aliijaribu kwa gazeti la Jumapili, lile lililonona kwa matangazo, likatua barazani vizuri kabisa. Jumatatu, gazeti likiwa jembamba na jepesi, upande wote wa kulia wa Mtaa wa Birch ulipata habari zake juu ya paa. Mchungaji Solheim alitoka akiwa amevaa nguo za kulalia, akapaza sauti: "Delbert! Najua habari njema hutoka juu, lakini hii nishushie, bwana, mimi sina ngazi!"

Delbert alishinda siku hiyo juu ya mapaa akiokota magazeti, mji mzima ukimcheka, naye akicheka nao kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Jioni akairudia Buick, akang'oa na swichi ya kasi ya hita, akaifunga kwenye mashine: kasi ndogo kwa siku za kazi, kubwa kwa Jumapili. Pasaka ilipofika, magazeti yalikuwa barazani kabla ya kengele za kanisa, na hakuna aliyezungumzia tena kumpokonya mitaa.

Jumapili iliyopita, siku yake ya mwisho, alikuja kupakia magazeti, mashine yake ikiwa imefunguliwa na kuwekwa nyuma ya gari. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu, na blanketi juu yake. Nilipomuuliza, alijibu, "Leo kiti nimemwachia mwenyewe, Roxanne."

Akapita kila mtaa mara mbili, akirusha kwa mkono. Magazeti yalichelewa mno. Nilikaa kando ya simu asubuhi nzima, na haikulia hata mara moja.

Asante, Delbert. Sasa lala mpaka jua likuamshe, na siku zako zote ziwe za heri.

Roxanne Thiede, Chumba cha Kufungasha