Mate ya Baraka

Mwaka huo wa 1974 basi la Mukuyuni lilikuwa halijafika mbali, naye Kalondu ameshamwonyesha kila abiria taya la mjukuu wake. “Lilifura kama papai! Tukang'oa jino, wapi! Sindano za hospitali ndizo zimelirudisha!”

“Hiyo ilikuwa saratani, mama,” akasema Faki, mpimaji wa maabara aliyeketi kando yake. “Kuna kirusi kinachoambukizwa kwa mate, karibu sote tunacho, kimelala tu. Madaktari wanashuku malaria ya kila mara ndiyo hukiamsha kikaleta saratani hiyo.”

Kalondu akashtuka. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akimtemea baraka kifuani, kama wazee wote wa Ukamba. “Hata wewe unacho?”

“Hata mimi, mama.”

Basi likasimama Mukuyuni. “Kumbe hakuna hasara!” Kalondu akamtemea mjukuu baraka kifuani, kisha akamgeukia Faki na kumtemea yake, katikati ya shati jeupe.