Gemu ya Cliff

Zima hiyo redio, Nicodemus, na wewe Liz niinue kidogo kwa mto, maana haya nitayasema mara moja tu na pumzi yenyewe mnaisikia. Wanangu, nyithinda, mko watatu hapa, na anayekosekana mnamjua.

Nyumba hii ni ya Liz, awe ameolewa ama hajaolewa, na asije mtu kumwambia ati msichana harithi. Shamba la chini mgawane Paul na Nicodemus, mpaka ni ile mikonge, msiisogeze.

Sasa ile gemu ya mpira, ya kuchezea kwenye TV. Niliitoa dukani kwa Issack pale Suna, imeshatumika, kona imepasuka, nikampa njugu zangu za msimu mzima, kwa sababu ndugu yenu Cliff alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na kila akikimbiza mpira na nyinyi tulienda kulala naye hospitali. Mlinicheka, mkasema mama anajifanya wa mjini. Lakini mle ndani Cliff aliunda timu, akajiweka mbele na jina lake mgongoni, akacheza miaka, na mifupa ikimuuma ananiita, "Mama, kuja uone, nimekimbia field yote." Mimi gemu siijui, lakini nilimwona mtoto wangu akikimbia.

Tulipomzika, vitu vyake vikagawanywa, mashati, viatu, blanketi, na kwa kuwa ni desturi sikufungua mdomo. Niliomba gemu tu ibaki kwangu. Paul, ukasema wewe ndiye mkubwa, ukaichukua mbele ya watu, na kabla wageni wa matanga hawajaondoka ukafuta kila kitu uanze ya kwako, halafu ulipochoka nayo ukanirushia. Niliwasha nikatafuta jina la Cliff, halikuwepo. Nikaipeleka kwa Issack, akahangaika nayo hadi akaona haya kunitazama. "Mama Paul, hii imeenda," akasema. Aliniita kwa jina lako, na nililichukia.

Nikifa, vitu vyangu msigawane. Liz avichome vyote, na Paul asiguse hata kijiko.

Nicodemus, leta kichwa nikupe baraka. Mungu akupe watoto wanaoitika ukiwaita. Liz, mwanangu, jiko lako lisilale bila moto, na... maji. Kidogo tu. Utunzwe kama ulivyonitunza.

Paul, inuka, usipige magoti. Yako... yako nilimpa Cliff, siku ile ulipofuta.

Liz, nilaze.