Mgongo wa Ubao wa Bi Hortense

— Dola hamsini, na zote zangu!

— Zako kwa lipi, Wembe? Ulichora wewe?

— Ukuta wangu, msumari wangu, ubao wangu. Ukipenda boga, penda na ua lake!

Walianza hivyo kabla sijawamiminia hata kikombe cha kwanza cha kahawa. Benchi letu liko Montreal, nje ya duka la kinyozi, na Aprili hii theluji imeshageuka tope. Wembe ndiye kinyozi mwenyewe. Miaka minne nyuma alinunua kwa Bi Hortense Gadbois, mchoraji anayekaa juu ya duka la mikate hapo jirani, ubao wenye picha ya farasi kwenye theluji. Mgongoni mwa ubao uleule Bi Hortense alikuwa amechora mama muuza samaki mwenye uso wa kijani, maana mbao ni ghali. Jana bwana mmoja wa maonyesho ya picha alikuja kunyolewa, ubao ukaanguka, akauona huo uso, akautaka. Leo saa sita anarudi na dola hamsini. Yule farasi, bwana hata hakumtupia jicho.

— Tiketi ya kwenda Toronto si ya kurudi, alisema Garimoshi, aliyeendesha treni miaka thelathini. Wembe alilipia kwenda tu.

— Sasa picha nayo ina kurudi?

— Si ina pande mbili?

Randa, seremala, akasimama.

— Leteni msumeno. Naupasua kati, kila mtu na upande wake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ubao mwembamba kama biskuti, Randa! Utabaki na unga wa mbao.

— Tutauza huo unga. Wanaonunua nyuso za kijani watakataa nini?

— Tena mimi ndiye ninayedai! Wembe akafoka. Miaka minne yule mama kalala ukutani kwangu bila kodi!

— Ulimlaza kifudifudi, nikamwambia. Kodi ya kunusa chokaa?

Hapo Bi Hortense akatokea, viatu vimejaa rangi. Kiti alikataa.

— Wembe, nilikutajia bei gani?

— Nane, bibie.

— Ukalipa?

— Tano.

— Tatu ulizikata kwa nini?

— Nilisema... nyuma pameharibiwa.

— Basi huko nyuma ulikununua, au ulikukataa?

Wembe akamtazama Garimoshi. Garimoshi akamtazama Randa. Randa akakodolea kikombe macho, na mimi sikumwongezea.

— Farasi nitakuchorea mwingine, akasema Bi Hortense, na nyuma nitakuachia patupu. Lete ubao wangu.