Zima Kisha Uwashe

Jioni moja Adrian, mtengeneza programu, alipanda bajaji pale Kibaha akiwa amebeba msalaba wa kazi yake: kuulizwa kutwa nzima, "Mbona haifunguki?" Alimwamkia mama aliyeketi kando yake, Bi Biubwa wa Kibuta, na alipoulizwa kazi yake akaitaja kwa sauti ya mfiwa.

"Kumbe kama mwanangu Latifu!" mama akasema. "Hebu niambie baba, nyie mnakuja nyumbani kikiharibika nini? Redio niliibonyezabonyeza makusudi mpaka ikanyamaza. Akaniambia kwenye simu, 'Mama, zima kisha uwashe.'"

"Ikawaka?"

"Ikawaka, haina haya! Na muhogo nilishamchemshia."

Adrian akacheka mpaka dereva akageuka. Kisha kicheko kikamkauka. Jana mama yake kule Masaki alimpigia kusema televisheni imekufa, naye akamjibu maneno yaleyale, akajiona bingwa.

"Leo nimeiharibu simu yenyewe," Bi Biubwa akanong'ona. "Hapo atakuja tu, au siyo?"

Bajaji ikasimama. Adrian akashuka, akampigia mama yake.

Simu haikupatikana.