Wanja wa Georgina

Bajaji ilipoacha Kyela mjini kwenda Ngonga, mwalimu Vitus alijua gazeti lake halisomeki tena. Mama wa kitenge cheusi aliyekaa kando yake alikuwa ameshaanza kumchambua Georgina, binti wa kijiji cha Ikolo, mwandishi wa urembo, aliyekiri kwenye televisheni huku akilia kwamba pombe kali na vidonge vya usingizi vilimteka.

"Eti aje kanisani aseme na mabinti! Kulia gani kule? Machozi yanatiririka, wanja umetulia tuli. Mimi ni wa kudanganywa?"

"Mama, si ndiyo kazi yake?" alisema baba aliyepakata miche ya kakao. "Miaka yote amewafundisha wake zetu kulia harusini bila kuharibu uso. Leo analia ya kwake, hamtaki."

"Pombe ameacha, baba. Maigizo je?"

Vitus akajifanya anakagua mpunga wa watu, utadhani bwana shamba.

Bajaji ikasimama penye turubai la msiba. Mama akainamia kioo cha dereva, akatazama jicho moja, akatazama la pili, akamshukuru dereva kwa "ndaga" ya upole. Kisha akaangua kilio kabla mguu haujagusa chini.

Machozi yalitiririka. Wanja ulitulia tuli.