Dkt. Demiana Wissa na Sentensi Aliyokataa Kuifuta

Marehemu Dkt. Demiana Wissa Bishara alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mjini Mallawi, mkoa wa Minya, mtoto wa tatu wa fundi saa Wissa na Bi. Insaf. Alisoma kwa watawa hapa Mallawi, kisha fizikia jijini Kairo, akahitimu mwaka 1988.

Maisha yake aliyatoa kwa galaksi zinazogongana. Zinapovaana, nyota huzaliwa kwa fujo na vumbi hufunika kila kitu. Mama alikuwa akimtania, "Mwanangu, umeenda Kairo kusomea vumbi? Si ungebaki, hapa tunalifagia kila asubuhi." Naye alikuwa akimjibu, "Mama, mie natafuta kinachowaka chini yake."

Wenzake walilihesabu vumbi kama pazia lililo mbele ya nyota. Yeye alisema limechanganyika nazo kama chumvi kwenye unga, kwa hiyo nuru iliyofichwa ni nyingi mno, na nyota pekee haziwezi kuitoa. Mwaka 1998 aliandika kwenye tasnifu yake kwamba viini vyote viwili vya jozi ya galaksi aliyoichunguza, kila kimoja kina shimo jeusi linalokula gesi na kuifanya iwake. Msimamizi akamwambia, "Binti, futa sentensi moja tu upate shahada. Moja tu, inakugharimu nini?"

"Kama ni moja tu, Profesa, wewe inakusumbua nini?"

Alinyimwa shahada miaka sita. Akaenda kufundisha sekondari, na hakuifuta.

Huko alikutana na Sarwat Habib, mwalimu wa hesabu. Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 2001. Sarwat ndiye aliyeipiga chapa upya tasnifu ile ile, neno kwa neno, na mwaka 2004 jopo jipya likaipitisha.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Mwaka 2022 mwanafunzi wake, Nermin, alimletea kitandani vipimo vya mawimbi marefu yanayopenya vumbi. Kiini kimoja kina shimo jeusi. Cha pili ni nyota tupu. Nermin alisita kumwambia. Marehemu alicheka mpaka akakohoa. "Nusu nimepatia, nusu nimekosea. Andikeni zote mbili. Ila muandike pia kwamba kufuta, sikufuta."

Alifariki tarehe 9 Februari 2023 saa nne asubuhi. Inatuuma sana.

Ameacha mume, Sarwat, binti, Febronia, kaka, Maged, na Nermin, aliyemkosoa, ambaye marehemu alitaka atajwe pamoja na binti yake.

Taasisi ile iliyomnyima shahada ilituomba kwa upole tuiache nje habari ya ugomvi ule, kwa heshima ya msiba. Tumeisoma yote, kwa heshima ya marehemu. Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna wa kumwambia afute.