Historia ya Eufrasia Ngassa, na Neno Juu ya Mama Mkwe Wake

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padri, wazee, mama zangu na ndugu wote, mimi ni Kalisti, mdogo wake marehemu, mtasamehe nikisoma polepole maana darasa la nne ndipo nilipoishia, na lipo jambo ambalo nisipolisema kabla jeneza halijashuka, kesho tunaweza kuwa na msiba wa pili.

Eufrasia binti Ngassa alizaliwa hapa Segese tarehe 14 Agosti 1926, akasoma shule ya misheni kuanzia 1936 hadi 1940, mwaka 1946 akaenda Mwadui kufua na kupiga pasi kwa wakubwa wa mgodi, na tarehe 5 Juni 1948 akafunga ndoa na shemeji Masele, fundi wa nguzo za mashimoni kule Geita, wakajaliwa Donatus, Serafina, na huyu mchanga Cornel aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 1958.

Baada ya uzazi huo dada alianza kunyamaza, na tangu katikati ya Januari akalala kama gogo, hajigeuzi wala hasemi, akilishwa kwa kijiko na mama mkwe wake, mama Sikujua, ambaye dada alimwita mayu, yaani mama, kama aliyemzaa. Tarehe 20 Februari tukampeleka hospitali ya misheni, daktari akashauri apigwe umeme wa kichwani akiwa amelazwa usingizi, tukakubali. Jumapili mama Sikujua akampelekea mlenda wa magadi, na Jumanne, tarehe 3 Machi 1959, akachomwa sindano ya usingizi na ya kulegeza viungo, umeme ukapita, na moyo ukasimama, wakahangaika nao, haukurudi.

Tangu hapo kisimani watu wanaulizana ni mboga gani hiyo ya kuliwa Jumapili ikaua Jumanne, na vijana wamepita mlangoni kwa mama Sikujua wakiimba kwamba macho mekundu yale ya kichawi yameiva, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuwapikia wajukuu, nami nakiri mbele ya Mungu, niliwasikia nikacheka.

Jana nimerudi kwa daktari. Ameniambia, kichwa ameinamisha, kwamba ile sindano ya kulegeza huitoa kwenye misuli chumvi iitwayo potasiamu na kuimwaga katika damu, kwa mtu anayetembea hupanda kidogo ikashuka, lakini kwa aliyelala majuma mengi humwagika nyingi kwa mara moja na kuusimamisha moyo, na hilo wao wenyewe hawakulijua vizuri. Damu waliyomtoa Jumanne asubuhi, mlenda ukiwa umeshaliwa, chumvi hiyo ilikuwa kama ya mtu yeyote mwenye afya, waliyomtoa baada ya sindano ilikuwa karibu mara mbili. Mlenda haukuua, jamani.

Tunamshukuru daktari kwa kutuambia ukweli unaomchoma mwenyewe, na wauguzi, na majirani mliochimba kaburi, na wafanyakazi wenzake Masele mliokuja na lori usiku kucha. Mama Sikujua yuko nyuma ya nyumba, anaogopa kusogea. Nikimaliza nakwenda kumshika mkono, udongo wa kwanza atautupa yeye, na mwenye jiwe la kumrushia aanze na mimi, ndugu wa damu.

Pumzika kwa amani, dada, mayu wako hatutamwacha peke yake.